Maelezo ya Severina Luvanda kuhusu Kura ya Katiba ya Umoja, Tawi la Idodi

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Severina Timotheo Luvanda
Umri: Miaka 51
Kabila: Mhehe
Kazi: Mkulima wa alizeti
Makazi: Idodi, Iringa
Tarehe: 16/06/2025, saa 3:10 asubuhi

Mimi ndiye mwenye majina hayo. Nimeelezwa kuwa nikisema uongo naweza kushtakiwa, nami nasema ninachokijua.

Ni mjane. Kadi yangu ya Umoja wa Wakulima wa Alizeti ilikuwa ya marehemu mume wangu. Katiba ya Umoja inasema kila kaya ina kadi moja, nayo ni ya baba wa nyumba. Mke anaipata akishafiwa.

Mnamo tarehe 14/06/2025, siku ya Jumamosi, matawi yote ya mkoa yalipiga kura kuhusu kurekebisha kifungu hicho, ili kila anayelima awe na kadi yake. Zilitakiwa theluthi mbili za kura zote za mkoa. Tawi letu lilinichagua kuwa msimamizi. Hakuwa amewahi kusimamia mwanamke tangu tawi lianze.

Saa 2:00 asubuhi nilifungua ghala, nikapindua sanduku watu waone ni tupu. Walipiga kura watu 139, karibu wote wanaume, maana ndio wenye kadi. Wake zao walikaa nje kutwa nzima. Hawakuwa na kura, ila hawakuondoka.

Saa 10:00 jioni nilifunga, nikahesabu kwa sauti, karatasi mojamoja. Ndiyo 87, Hapana 51, moja iliharibika. Nikasoma matokeo mara mbili, hata walio nje wasikie. Nikajaza fomu, nikasaini.

Saa 10:50 mwenyekiti wa tawi, Benjamini Kalinga, alinipa fomu nyingine iliyokwisha kujazwa: Ndiyo 51, Hapana 87. Akasema, "Mama, weka sahihi hapo, tusiwacheleweshe wa Iringa mjini wanaosubiri matokeo."

Nikamwambia, "Mwenyekiti, hizi namba umezigeuza."

Akasema mke akipata kadi, nyumba inakuwa na wakubwa wawili. Nikamjibu kuwa hilo amekwisha kulisema kwa kura yake. Akachana fomu yangu, akabeba sanduku, akalifunga kwenye pikipiki yake.

Aroni Mhemi, jirani yangu, mfugaji anayelima pia alizeti, alisimama mbele ya tairi. Alisema, "Mwenyekiti, zima. Mimi nimepiga Hapana, na wewe unajua. Tumeshindwa. Rudisha kura za watu."

Benjamini alisogeza pikipiki mpaka tairi likamgusa Aroni gotini. Aroni hakusogea. Wanawake waliokuwa nje wakaja kusimama naye, kisha waume zao. Hakuna aliyepiga kelele. Benjamini akazima.

Tulihesabu upya mbele ya mtendaji wa kijiji. Safari hii Aroni ndiye aliyeinua kila karatasi watu waione. Namba zilikuwa zilezile. Nikajaza fomu ya akiba.

Jumapili asubuhi niliipeleka mwenyewe ofisi ya Umoja ya mkoa, Iringa mjini. Saa 8:00 mchana matokeo ya mkoa yakatangazwa. Marekebisho yalipita kwa kura 12 zaidi ya zilizohitajika. Kama namba za Idodi zingegeuzwa, yangeanguka. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma. Nilisimama, sijui kwa nini, nikakaa tena.

Nimeulizwa kama Benjamini alipigwa. Hakuguswa na mtu. Nimeulizwa kama nina ugomvi naye. Sina. Alibeba jeneza la mume wangu, sijasahau. Nimeulizwa kama nitayarudia haya mahakamani. Nitayarudia, na sitahitaji kusoma namba popote.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya, na ndiyo maelezo yangu.

Sahihi: S. T. Luvanda

Mwandishi: Koplo Anjela Nyenza. Nimepokea fomu iliyogeuzwa namba na vipande vya iliyochanwa. Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekubali ni sahihi, isipokuwa mahali nilipoandika "msaidizi wa msimamizi". Ameomba neno "msaidizi" lifutwe. Limefutwa.