Saa Moja Kutoka Lodwar Hadi Thika

Tata Wangari, shangazi yangu,

Nilikuambia kwa simu kwamba kutoka Lodwar hadi Thika ni saa moja tu angani. Nilikuwa nimesoma mtandaoni: umbali, dakika, hata mstari mwekundu kutoka uwanja mmoja mdogo hadi mwingine. Kwa hiyo basi la jana nililiacha liende, nimalize kazi yangu kwanza.

Leo asubuhi nilifika uwanjani na begi. Mbuzi walikuwa wamelala kwenye njia ya ndege, na askari alikuwa akinywa chai ya rangi kivulini. Nikamuuliza ndege ya Thika.

"Thika ya mananasi?" Akacheka. "Dada, miaka yote niko hapa, sijaona ndege ya Thika. Na ya Nairobi imejaa mpaka Jumamosi."

Nikamwambia kesho tunamzika cucu, nyanya yangu, huko Mugutha karibu na Thika, na mimi ndiye niliyepewa jina lake, kwa hiyo udongo wa kwanza ni wangu kutupa. Aliacha kucheka. Akanisogezea kikombe chake, nikanywa, ingawa kilikuwa na vumbi.

Basi la leo halitafika kabla ya mazishi, kwa hiyo nimeshampigia Baba asinisubiri. Kadi hii itakufikia maua yakiwa yamekauka. Nakuomba jambo moja, usipande chochote kaburini mpaka nifike. Nitatupa konzi yangu hata kama ni ya mwisho.

Umefiwa na mama na mimi sipo kukushika mkono. Jilazimishe kula, Tata.

Wambui, aliyebaki