Maikrowevu Isiyopasha

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko, habari za karakana, na yale magoti yako yanaendeleaje? Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimia, anasema hata kama hamjazoeana, wifi ni wifi.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Barua hii nampa dereva wa basi, yule mwenye pengo, akuachie hapo karakanani.

Dada, maji yamenifika shingoni. Ile maikrowevu mliyoijengea wewe na marehemu Baba ndani ya kabati la gari-nyumba imegoma. Taa inawaka, sahani inazunguka, inanguruma kama kawaida, ila chakula kinatoka baridi vilevile kilivyoingia. Gari hili ndilo linalonilisha. Nawakodishia maharusi, na maharusi hawataki kuhangaika na jiko. Mafundi wa huku wanachungulia, wanakuna vichwa, wanasema aliyeichomeka humu ndiye atakayeichomoa. Nielekeze tu, nitaitengeneza mwenyewe.

Mdogo wako


11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua nimeipata. Magoti hayajambo, asante. Siku ya mazishi ya Mama yalinisumbua sana ila hukuwepo kuyauliza.

Naona umesahau gari hilo lilijengwa kwa ajili ya nani. Mimi na Baba tulilijenga ili Mama, ambaye mgongo wake haukukiweza kiti cha basi, alale njia nzima mpaka kwa dada yake. Ukaja ukalichukua kwa wiki moja, eti unalijaribu. Mama alikuwa ameshapanga nguo zake kwenye sanduku. Kila gari lililopita aliuliza kama ni wewe, na alikufa anauliza. Wewe ukaleta ujumbe kwamba uko kwenye foleni.

Lakini damu ni damu, nitakuelekeza. Maikrowevu hiyo inatokea kwa nyuma. Toa kitanda kwanza, kisha kabati la nguo, kisha mbao za sakafu upande wa mlango, kisha sinki na bomba lake. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Ukimaliza niandikie.

Dada yako


20 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Wewe mzima? Mimi mzima isipokuwa mgongo, na wifi yako ana shingo iliyopinda kwa kulala kwenye kiti cha dereva, maana kitanda kiko nje juani.

Nilitoa kitanda, nikatoa kabati, nikang'oa mbao. Nilipofika kwenye sinki akapita seremala kuomba maji, akauliza natafuta nini chini huko. Nikamweleza. Akaomba bisibisi, akafungua fremu ya mbele, akaivuta maikrowevu kama mtu anayevuta droo ya meza. Alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Mimi nilicheka pia, ila kesho yake.

Haya, umenipata, nimekoma. Sasa tuyaache. Mama hakuwa mtu wa kinyongo. Na ukitaka ukweli, Dada, safari ile asingeiweza. Angefia njiani, na pengine nilimwokolea taabu. Yaliyopita si ndwele.

Maikrowevu iko mezani mbele yangu. Kinachofuata ni nini?

Mdogo wako


24 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta katika afya njema, pamoja na wifi yangu. Mimi sijambo kabisa. Umesema kweli, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Kazi iliyobaki ni ndogo sana. Ichomeke kwanza, iwashe dakika chache uisikie inavyonguruma. Kisha izime, chomoa plagi, ukate na betri ya gari kama ulivyozoea. Usingoje ipoe, fungua kifuniko papo hapo. Ndani, upande wa kulia, utaona kopo la bati lenye waya mbili. Hizo ndizo zilizolegea. Zishike kwa vidole, uzivute, ufute ncha zake, uzirudishe. Koleo usitumie, litazikwaruza.

Nakutakia kazi njema.

Dada yako akupendaye


27 Machi

Mdogo wangu,

Usiguse. Kama umefungua kifuniko, kirudishe, ukae mbali nayo.

Kopo lile linaitwa kapasita. Plagi ikitoka, betri ikikatwa, lenyewe bado limeshika umeme wa kuua mtu. Mimi na Baba hatukuingiza mkono ndani ya mashine ya namna hii hata siku moja mpaka mmoja wetu aumalize umeme huo, kisha amwambie mwenzake, "Imelala." Bila neno hilo Baba hakuruhusu hata kidole. Wewe ulikuwa nje na magari, hukulisikia. Unachokijua ni betri, na unaamini betri ikikatwa basi umeme umekwisha.

Nililijua hilo wakati naandika. Sikusahau kitu. Nilikaa na chai yangu, nikaandika kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku zote. Yale maneno kwamba ulimwokolea Mama taabu yalinikaa kooni, nikataka usiwe na mdomo wa kuyasema tena. Siku mbili nzima nilikuwa na raha. Niliimba kazini.

Leo nimefungua mashine ya mteja, nikauliza kwa mazoea, "Imelala?" Karakana nzima niko peke yangu. Baba hayupo, Mama hayupo, na mtu aliyebaki wa kuniita Dada ndiye niliyemwandikia ile barua.

Sijakusamehe, usije ukajidanganya. Lakini usiguse. Simu yako naipiga tangu asubuhi, haipatikani. Dereva mwenye pengo ameshaondoka, kwa hiyo nampa kondakta wa basi linalofuata, nimemsihi mpaka amenionea haya.

Dada yako


16 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Usishangae mwandiko. Mimi nasema, mke wangu anaandika, kwa sababu mkono wangu wa kulia una bendeji hadi kwenye kiwiko.

Usiogope, niko hai. Nilifuata ulivyonielekeza, ila kuna mahali nilikosea, nadhani betri sikuikata sawasawa. Nilirushwa mpaka mlangoni. Wanasema moyo ulisimama, na jirani mmoja, muuguzi, ndiye aliyenikandamiza kifua mpaka nikarudi. Daktari ameondoa vidole viwili. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu bado ninalo, kwa hiyo nashukuru.

Lile neno nililolisema kuhusu Mama nisamehe, lilikuwa neno baya. Gari nalirudisha, ni lako. Mbao nimezipanga ndani, utazipigilia mwenyewe, maana mimi na ufundi basi. Kisha twende wote kwa dada yake Mama, tukamwambie kwamba Mama alikuwa anakuja.

Asante kwa kunielekeza, Dada. Baada ya yote niliyokufanyia, hukulazimika.

Mdogo wako

*

Wifi,

Hapo juu ni maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza. Kuanzia hapa ni yangu. Yeye yuko nje na jirani.

Barua yako ya tarehe ishirini na saba ilifika siku moja baada ya ajali. Niliipokea mimi kwa yule kondakta, nikaisoma nimesimama stendi na nguo zake za hospitali mkononi. Yeye hajaisoma wala hajui kama ipo. Kila anayekuja kumjulia hali, yeye anamwambia kwamba dada yake alimwelekeza vizuri sana, ujinga ulikuwa wake mwenyewe. Mimi nakaa pembeni nakunja shuka.

Nilifikiria polisi. Nilifikiria kumsomea. Nimeyaacha yote mawili, kwa sababu yangekuwa nafuu kwako.

Tunakuja Jumamosi, mimi ndiye nitakayeendesha. Atashuka akuite Dada, atakupa mkono wa kushoto. Barua yako itakuwa kwenye mkoba wangu. Ukitaka kumwambia, umwambie wewe, kwa mdomo wako, mimi nimesimama hapo hapo. Ukinyamaza, nami nitanyamaza, naye ataendelea kukushukuru mpaka mmoja wenu afe.

Wifi yako