Wa Pili Ndiye Aliyeivaa Mwezini

Nyamirambo, Kigali, 1992

Baba Hadija,

Salamu utazipata mwishoni, nikipoa. Kwanza nina neno na wewe. Umejilalia zako huko, mimi umeniachia Zaina nyumbani kwangu, na Zaina amevaa saa yako mkononi.

Ndiyo, ile ile ya ufunguo, uliyoinunua imekufa kwa Mbelgiji aliyekuwa akihama, ukakaa nayo kwenye meza yako ya ufundi wiki tatu mpaka ikapumua. Ndugu wa ile iliyokwenda mwezini, ulikuwa ukisema, na akija mteja na saa ya betri unamtania mpaka anaona haya. Siku moyo ulipokusimama ilikuwa zamu ya Zaina. Basi mke mwenzangu akaivua mkononi mwako akaivaa yeye, mimi nikaletewa maiti.

Wazee walisema tukae eda pamoja hapa kwangu, maana siku hizi, na vizuizi hivi barabarani, si vizuri mwanamke kukaa peke yake. Nikasema sawa. Moyoni nikasema: eda ikiisha saa naichukua, na yeye anarudi kwao Kagugu. Usininunie. Miaka kumi na tisa nilikuwa nawe peke yangu kabla hujaniletea huyu anayesema "kurara" badala ya kulala.

Nikamtafutia kosa, nikadhani nimelipata. Mwenye eda havai pambo! Nikamtuma Hadija kwa mwalimu wa msikitini akaulize kama saa ni pambo. Mwalimu akajibu kwamba ya dhahabu ndiyo, ya chuma ya kujulia nyakati za sala haina neno. Nililia chooni kwa hasira, mtu mzima mimi.

Lakini nilikuwa na changu ambacho hawezi kukivaa. Hadithi zilikuwa zangu. Ni mimi niliyekusomea yale magazeti ya Kifaransa huku nikichambua maharage. Mimi ndiye niliyekuambia kwamba Mrusi wa kwanza kwenda angani alivaa saa ya ufunguo, na kwamba wengine walihofia saa zinazojijaza zenyewe kwa mtikiso wa mkono zingegoma huko kusiko na uzito. Mimi ndiye niliyekusomea jinsi Wamarekani walivyozitesa saa kabla ya kuchagua, mara kwenye joto la tanuri, mara kwenye baridi kali, mara zikatikiswa, nyingine zikafa, moja ikatoka inatembea. Ukapiga makofi kana kwamba umeitengeneza wewe. Kisha ukaniuliza swali ambalo gazeti halikulijibu: kama huko juu jua linachomoza kila baada ya saa moja na nusu, je, saa moja asubuhi ni ipi? Tulicheka mpaka maharage yakaungua.

Juzi tunaanika nguo, Zaina akaniambia pole pole: "Dada mukubwa, unajua yule wa kwanza kukanyaga mwezi hakuvaa saa? Aliiacha ndani ya chombo. Wa pili ndiye aliyeivaa."

Sikuijua hiyo. Wallahi sikuijua! Anasema ulisimuliwa na mteja wako mmoja wa Kacyiru, karani wa wizara, na jioni ile ukaenda nayo moto moto kwake, maana zamu ilikuwa yake. Kesho yake ukaja kwangu, ukala, ukalala, hukufungua mdomo. Hadithi yangu, Baba Hadija! Halafu aniambie wa pili ndiye aliyeivaa, mbele ya macho yangu, na saa iko mkononi mwake! Nilimtolea maneno ambayo sitayaandika hapa. Nikamwambia avue saa afunge mizigo yake, eda au si eda.

Akaivua, akaiweka ukingoni mwa beseni. Akaniambia huku analia: "Dada, hujaniacha nimarize. Saa ya chombo iliharibika, ndiyo maana yule wa kwanza aliiacha yake mule. Bila saa ya kuaminika mule ndani, kurudi nyumbani ni hatari. Bwana alicheka, akasema, Mama Hadija ndiye ile ya chomboni. Mimi natembea kote kwa sababu najua yeye yuko."

Nilikaa chini pale pale na nguo mbichi mapajani.

Yewe! Miaka yote niliyoishi nawe hukunipa neno kama hilo hata siku ya Idi. Ukaenda kumpa mwenzangu anihifadhie? Nani alikutuma uweke maneno yangu kwake? Nimefurahi, sikatai. Lakini wivu haujapungua, umehama chumba tu. Sasa namwonea wivu kwa kuwa yeye amekusikia ukinisifu, na mimi sijakusikia hata mara moja.

Saa nimemrudishia. Usidhani nimekuwa mwema. Nilimwuliza ulisema nini kingine juu yangu, akafuta pua akajibu, "Mengi, dada, lakini hayaji kwa mara moja."

Haya, pokea salamu zako sasa. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi, akutilie nuru. Na nakuahidi: eda ikiisha, Zaina hatoki hapa. Atakula ninachokula, akiugua nitamuuguza, mpaka nimtoe mdomoni neno la mwisho ulilolisema juu yangu. Na ole wake akinificha hata moja.

Mkeo wa kwanza,
Mama Hadija