Kisu Alichonipa Papa Mutombo

Panda, Likasi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini Neema anapokusomea haya umeketi, hujalala, maana aliniambia goti limeanza tena kukusumbua na hizi mvua. Unalikanda kwa maji ya moto au unalionea huruma tu? Na mahindi mmeshapanda, au bado mnangoja mbolea? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na wewe sitakuficha.

Najua Sichone dereva ameshafika huko Vwawa, na amewaambia alinikuta natolewa gereji na polisi kwa wizi wa kisu. Mama, alichokiona ni kweli. Ila trela yake nilikuwa nimeshamchomelea, akaondoka zake, kwa hiyo alibeba kipande cha habari akakiacha kingine. Kwenye simu ningeshindwa kusema yote bila kulia. Ndiyo maana nimeandika.

Unamkumbuka Papa Mutombo niliyekutajia? Huku Kongo mzee wa heshima huitwa papa. Alikuwa fundi kwenye mitambo ya shaba hapa Panda mpaka kazi zikafa. Mapenzi yake ni visu vya kukunja, vile vidogo vya mfukoni. Anavyo vya mpini wa mti, vya mfupa, kimoja kina hadi mkasi na kizibuo. Jumapili baada ya misa, sisi wachache wenye ugonjwa huo hukusanyika uani kwake, tunatandika kitambaa mezani, kila mtu anatoa vyake, tunanoa, tunatia mafuta, tunabishana. Hakuna kuuziana. Ukikitazama kisu cha mwenzako sana, anakusukumia, anasema, "Beba." Siku nyingine na wewe utasukuma chako. Mimi nilipofika mji huu sijui mtu, mzee huyo ndiye aliyenipa kisu cha kwanza, na kwa kisu hicho nikapata watu wa kunijulia hali nikiumwa.

Sasa, siku moja ya kazi aliniita nimrekebishie bawaba ya mlango. Nilipomaliza akaniletea kitu kwenye kitambaa. Kilikuwa kile cha mpini wa pembe, alichopewa na msimamizi wake siku walipoagana kazini. Hicho hakuna aliyethubutu hata kukitazama mara mbili.

"Ezekia," akasema kwa Kiswahili chao cha huku, "hii kisu chefu wangu alinipatia na mikono mbili. Minye pia minakupatia na mikono mbili. Kisu haipende kulala mu kartoni."

Nikakataa. Akakasirika. Huku kukataa zawadi ni kumwambia mtu hana thamani, basi nikapokea kwa mikono miwili, tukiwa sisi wawili tu pale uani.

Haikupita muda, binti yake Bernadeta, ambaye ndiye anayemtunza, akaja gereji na polisi. Mzee alikuwa amefungua kisanduku chake cha visu, akakikosa kile cha pembe, akapiga kelele mtaa mzima kwamba ameibiwa. Kisu kilikuwa mfukoni mwangu. Nikawaambia alinipa mwenyewe. Wakanipeleka kwake. Mama, nilifurahi tulipokuwa njiani, nikijua akiniona tu mambo yataisha.

Mzee alinitazama. "Minye nilimupatia? Nilimupatia lini?" Kisha akamgeukia binti yake. "Huyu mutu ya Tanzania njo aliiba."

Sikuona usoni mwake hasira ya mtu mwongo. Aliumia kweli. Hilo ndilo lililonimaliza. Kisu kikarudi kwake, mimi nikalala kituoni. Aliyeniletea chakula ni Kabwe peke yake, mwenzetu anayefanya kazi kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe, na yeye ndiye aliyesimama kunidhamini mpaka nikaachiwa. Wenzetu wengine walinipita njiani kama hawanijui. Tajiri wa gereji akaniambia nikae nyumbani kwanza, wateja wananong'ona. Nilikaa chumbani, mama, nikakunja nguo zangu nikazitia kwenye begi nije.

Jumapili Kabwe akanifuata. "Papa anakuuliza. Anasema mbona Ezekia hakuje?"

"Atanifunga tena."

"Kuya tu. Minye niko."

Nikaenda naye. Mzee aliponiona akainuka, akanishika bega, akauliza nilikuwa naumwa nini. Wenzetu wote walikuwa mezani na visu vyao. Bernadeta alikuwa anamimina chai. Mzee akaingia ndani, akatoka na kile kitambaa, akasema mbele yao wote, "Ezekia, hii kisu chefu wangu alinipatia na mikono mbili. Minye pia minakupatia na mikono mbili." Maneno yaleyale, hata lile la kisu kutopenda kulala kwenye kartoni.

Bernadeta akaweka birika chini, akajifunika mdomo kwa kitenge. Mimi mikono nilikuwa nayo nyuma. Ni Kabwe aliyeninong'oneza, "Pokea." Nikapokea. Kisha nikamfuata Bernadeta jikoni nikampa kisu, naye akawa analia.

"Yaya," akaniita, yaani kaka, "unisamehe. Anasahau na majina ya bajukuu, lakini visu niliona anajua. Minye njo nilikuitia polisi."

Nilimsamehe, mama. Kinywa kilisema mapema, moyo ulichelewa kidogo. Kesho yake alikwenda mwenyewe gereji kunisafisha jina, na nimerudi kazini.

Tangu hapo mzee amenipa kile kisu tena na tena, nami namrudishia Bernadeta, naye anakirudisha kisandukuni. Vingine anawapa wapita njia, wengine hawarudi. Kaka yake Bernadeta wa Lubumbashi aliagiza kisanduku kifungwe kwa kufuli. Kikafungwa, mzee akakaa mbele yake akigonga mfuniko, anauliza amemkosea nani. Tukashindwa kuvumilia, tukakifungua. Kabwe akaleta vyake, akavimimina humo ndani. Mimi nikaleta vyangu, na wale waliokuwa wamenikimbia wakaja na vyao, wakitazama chini. Sasa mzee ana vya kutoa, na hajui vimetoka wapi.

Lakini anazidi, mama. Jumapili hii aliniita "muzee". Akachukua kile cha pembe, akakigeuza mkononi, akauliza, "Hii ni nini?" Yeye, aliyenifundisha kunoa! Nikamfungulia bapa, nikalifunga, nikaviweka vidole vyake mahali pa kufungulia.

"Ni ya nani?"

"Ni yako, Papa. Nimekuletea."

Akakipokea kwa mikono miwili. Macho yalimjaa machozi, akanishukuru kama mtu ambaye hajawahi kupewa kitu maishani mwake. Kisha akakitia mfukoni, akashikilia mfuko kwa nje asije mtu akakichukua. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nimesahau hata kuwaaga wenzangu.

Kwa hiyo Krismasi sitakuja. Bernadeta ana zamu sokoni, na mzee hakubali kunyolewa ila na mimi, ingawa hanijui jina. Usihuzunike. Sichone ukimwona usimgombeze, mpe chai, Neema amsomee hii.

Msalimie mjomba wa Tunduma, mwambie koti lake bado linanisaidia. Shangazi mwimba kwaya umwambie ajibu yeye wale wanaouliza kanisani, ana sauti kubwa. Neema asiache shule. Na wewe, mama, mtaje Papa Mutombo unaposali, kwa jina lake kamili, maana yeye ameanza kulipoteza.

Nakushika mikono yote miwili, nikiwa huku huku.

Mwanao,
Ezekia