Imbwa ya basoda

Siku ya pili ya juma, 4 mwezi wa tatu

Nimeshona tena pazia ya salon ya kupokea bageni. Mara ya pili. Imbwa iliipasua, kiisha ikalala juu yake.

Imefika siku ya Mungu. Basoda, baaskari ba kule ku kilima cha Butembo, balihamishwa, bakaiacha na kamba ku shingo, inalia. Nilipanda, nikafungua kamba. Sikufikiri.

Mama yangu hapana taka. Anasema imbwa ya basoda haiwezi kukaa mu nyumba ya bakristo. Mama ni muzee sana, na kila saa imbwa inamurukia. Anaogopa. Mimi pia. Akianguka, kosa ni yangu.

Siku ya tano, 7

Ninaita "kuya", hapana sikia. Ninasema "ikaa", inaruka juu ya mashini ya kushona.

Leo muuza maandazi alipita, anaongea Lingala mu telefone: "Yaka, yaka!" Imbwa ikakimbia kwake, ikaikaa. Kumbe inasikia Lingala tu! Lingala yangu ni ya nyimbo. Nikajaribu: "Yaka." Ikakuja.

Nilicheka. Mama hapana cheka.

Siku ya kwanza, 10

Imeua kuku mbili za jirani, Papa Muhindo. Manyoya mpaka mu maji ya kunywa.

Nililipa. Alipokea, kiisha akanionyesha karatasi ndogo. Dawa ya panya.

"Mama Masika, mara ingine nitatia hii mu nyama."

Hapana kelele. Alisema pole pole, njo ilinitisha. Mama anasema Papa Muhindo iko na haki.

Siku ya tatu, 12

Imbwa haiko.

Niliacha mulango wazi nikipokea vitambaa. Dakika kidogo tu. Niliangalia mu mufereji, mu majani, nyuma ya nyumba ya Papa Muhindo. Nilikuwa natafuta maiti. Papa Muhindo alitoka, akasema hakufanya kitu. Nikamuita muongo mbele ya bibi yake.

Magharibi, motard mumoja, dereva wa pikipiki, akaniambia: aliiona juu ya kamio, lori ya basoda, njia ya Beni.

Nilirudi kuomba Papa Muhindo samahani. Alifunga mulango.

Siku ya ine, 13

Nilipanda moto ya motard mpaka Beni. Mama alisema niko na wazimu: njia ile ya hatari, sababu ya imbwa. Tulipita Maboya. Tulipita Kabasha.

Ku barrière ya basoda mbele ya muji, niliiona. Inacheza na soda mumoja wa ndevu, jina Trésor.

"Imbwa ni yangu," nikasema.

"Mama, nimekula nayo sahani moja tangu ilikuwa ndogo."

Nikaita: "Yaka." Basoda bakacheka. Imbwa ikaniangalia, ikatikisa mukia, ikabakia kwake.

Nilirudi mikono mitupu. Na haya, kama mutu aliyekamatwa akiiba.

Siku ya posho, 15

Nyumba imetulia. Sipendi.

Mama aliuliza: "Donc, hairudi?" Nilishona mukono ya shati ya kushoto ku upande ya kuume. Nikafumua yote.

Siku ya kwanza, 17

Trésor alifika na imbwa. Kamio yao ilikuwa imesimama ku njia munene, banaenda Lubero, ku vita. Alitafuta nyumba yangu kwa kuuliza batu: mama mwenye kushona, mwenye kutafuta imbwa.

"Kule haitapona," akasema. "Inabweka sana. Itaonyesha adui fasi tuko."

Mama alikuwa ku mulango. Akamuuliza: "Na wewe, mutoto wangu?"

Trésor alipiga magoti, akaweka uso mu shingo ya imbwa. Mama akaingia ndani, akamuletea bugali na sombe. Alikula akisimama, sababu kamio ilikuwa napiga honi.

Imbwa ilivuta kamba wakati alienda. Ilivuta hata kiisha kamio kupotea. Mikono yangu imechubuka. Nililia. Mbele ya batu.

Siku ya ine, 20

Imbwa ilikataa chakula tangu ile siku. Leo imekula kidogo.

Mvua tangu asubui. Niko nashona. Mama amekaa ku kiti yake, imbwa imeweka kichwa juu ya muguu yake, inalala. Anasema muguu imekufa ganzi.

Lakini hapana toa muguu.