Jitu Limeangukia Rukuba

Jumatano jioni, Nyasho, hapa Musoma mjini. Upepo wa ziwani umevuma tangu asubuhi, mabati ya jirani yanagongana, na mimi nina hasira. Shavu la kushoto limevimba.

Aliyenipiga ni mdogo wangu, Bwire. Mimi ndiye niliyeanza.

Mnaonisoma hapa mnajua msimamo wangu kuhusu Marekani. Nimeandika kwa miaka kwamba dola lile limejengwa kwa mabomu na litakufa likirusha mabomu. Nimesoma jinsi Warumi walivyokwisha, na Waingereza baada yao. Kila mmoja aliamini yeye ndiye wa mwisho. Marekani ilipoanza kufunga miradi yake ya misaada niliandika makala kali kuliko zote. Nilisema mkono uliotulisha kwa kijiko huku ukitupiga rungu umekatika wenyewe, acha utoe damu. Nikamalizia hivi: dawa zao zimekwisha, na hofu yetu iishe nazo. Nilijisikia vizuri sana. Kwenye msiba kule Butiama watu wazima walinishika mkono kunipongeza.

Sikujua kwamba makala ile ilisomwa Rukuba.

Bwire anavua huko kisiwani. Anatumia dawa za virusi vya UKIMWI, na ameniruhusu niseme hivyo mradi nibadilishe majina. Kambi nzima inajua. Anayemwogopa ni mama mkwe wake aliyeko Bunda. Zamani boti ya mradi wa Wamarekani iliwapelekea dawa kambini. Boti ikaacha kuja. Wakiwa bado wanajiuliza kulikoni, mmoja wao akawasomea makala yangu kwenye simu, kwa sauti, huku wakishona nyavu. Walichoshika ni maneno matatu tu: dawa zao zimekwisha. Tena yameandikwa na kaka yake Bwire, msomi wa mjini. Nani angebisha?

Wakafanya wanachofanya na kila kitu. Kwenye mtumbwi wao kila mtu ana fungu lake la samaki, hata aliyebaki kambini na homa. Wanne kati yao wanatumia dawa, na wawili walikuwa wameishiwa. Basi wakakusanya makopo, wakamwaga vidonge kwenye sahani, wakagawana. Leo unameza, kesho unaruka. Mafuru peke yake alikataa, akafukia kopo lake mchangani. Walipolipata wakampiga kwa makasia.

Leo asubuhi Bwire alimleta Mafuru kwangu, mkono umevunjika, damu imemkaukia shingoni.

"Kaka, tumpeleke hospitali," alisema. "Tulizidisha kidogo."

Kidogo.

Na yeye alipiga. Hakunificha.

Huko hospitali, Mafuru alipokuwa anasubiri kufungwa plasta, nilimvuta Bwire hadi dirisha la dawa. Nilikwenda kutafuta ugomvi, nilishaandaa na maneno. Dawa zilikuwepo. Kilichokufa ni boti na ajira za waliokuwa wakija nayo, basi. Dawa hizo zitakuwepo hadi lini, hakuna aliyeweza kuniambia.

"Mlikuwaga wapi ninyi?" mama wa dirishani alimuuliza Bwire. Kisha akampa kopo jipya, akamweleza taratibu: ukiruka siku, virusi vinaizoea dawa, na dawa ile inaweza isikusaidie tena maisha yako yote.

"Mwambie tena, mama," Mafuru alisema kutoka kwenye benchi. "Huyo kichwa chake kigumu kuliko kasia. Mimi ndiye ninayejua."

Nilidhani yamekwisha. Mafuru tulimwacha hospitali, na tulipofika nyumbani Bwire akaanza kulifunga kopo lake jipya kwenye mfuko wa nailoni. Anawahi boti, alisema, wenzake wawili wanasubiri mgao.

"Mgao gani? Umemsikia yule mama?"

"Nimemsikia. Sasa nimeze mwenyewe wananiangalia? Mimi si Mafuru."

"Utakufa, mjinga wewe."

"Tutakufa pamoja. Si wewe ulitutangazia, Profesa? Na ulivyofurahi. Ilisomwa mara mbili."

Nikamzaba kofi. Akanikaba, akanibamiza kwenye kabati, kioo kikapasuka, kisha ngumi. Nilimng'ata bega. Mtu wa umri wangu, mwenye rafu za vitabu, nilimng'ata mdogo wangu bega. Mke wangu alitumwagia ndoo nzima ya maji. "Mkimaliza kuuana mtadeki," alisema, akarudi jikoni.

Tumedeki.

Sijabadilika, na msinitumie salamu za pole. Dola lile likianguka sitavaa nguo nyeusi. Lakini anguko nililolishangilia lilikuwa la vitabuni, la majenerali na bendera. Nilipoulizwa nani atafuata, kama ni Mchina au ni vurugu tupu, nilijibu kwa furaha kwamba watapigana, acha wapigane. Nilikuwa naiona vita hiyo mbali, kwa watu wakubwa wenye meli. Kumbe imeanza kwa makasia, kati ya watu wanne wanaovuta wavu mmoja.

Na hasira yangu nyingine ni hii. Watu wenye mitumbwi, waliozaliwa juu ya maji, tulikaa ufukweni kusubiri boti ya mgeni. Alipoacha kuja hatukupiga kasia hadi mjini kuuliza. Tulichukua kasia tukamvunja mwenzetu mkono. Lawama ya hilo siitupii Marekani.

Bwire amekubali kulala hapa na kumeza kidonge chake kizima, lakini kwa sharti. Niandike tena, kwa ufupi, na yeye asome kabla sijaweka. Amesoma. Ameniambia Warumi hawavui Rukuba, niwatoe. Hapo juu nimewaacha, nimembishia. Hapa chini hawapo.

Wavuvi wa Rukuba: dawa zipo Musoma mjini. Nilikosea kuandika kwamba zimekwisha. Usimgawie mtu kidonge chako, na usiruke siku. Kesho asubuhi nakuja na Bwire kuwachukua ninyi wawili mnaosubiri mgao. Mkitaka kunipiga, nipigeni kwanza, halafu tupande boti.