Kwako Kabula, Kuhusu Kipimajoto cha Kwapani

Kwako Kabula, mjukuu wangu, mke mwenzangu mdogo, uliye huko mbele ya Tura,

Barua hii sikuigundisha. Mama muuza asali anayekuletea nimemwambia akitaka kuisoma njiani aisome, na mwalimu mkuu wako naye akitaka aisome. Sina siri. Ninayokuandikia humu ningeyasema hata sokoni, watu wamesimama.

Mimi ni mzima. Goti linalalamika, lakini limelalamika tangu babu yako yu hai, kwa hiyo hiyo si habari. Mbuzi mweusi amezaa. Tuje kwenye lako.

Ulinipigia Jumapili nikitoka kanisani. Shikamoo yako ilitoka kama mtu anayetema mbegu, nikajua kuna neno. Ukaniambia ulimwita mwalimu mkuu na walimu wenzako waje waone watoto wako wa darasa la nne wanavyojibu maswali ya kwenye kishikwambi, yale ya vifaa vya kupimia hali ya hewa. Swali likauliza: kipimajoto cha kupimia joto la hewa kinawekwa wapi? Ukaweka picha tatu. Kwenye kisanduku cheupe chenye kivuli. Juani, juu ya jiwe. Kwapani mwa mtu. Na darasa zima, Kabula, darasa zima likabonyeza kwapani. Walimu wakacheka mpaka wakashika kuta. Mwalimu mkuu akasema, "Haya ndiyo matunda ya kuchezea simu." Wewe ukaenda kulia nyuma ya choo.

Halafu ukaniambia, "Bibi, nimeshindwa. Sema neno moja tu, njoo, na Jumamosi napanda treni. Shule ya hapo Ntalikwa watanipokea, nitajitolea tena kama zamani."

Nami nikasema, "Haloo? Haloo? Mtandao unakatika." Nikakata.

Jibu lako limo humu, ila hulipati kabla sijakukumbusha ulikotoka. Usiruke mistari. Nakujua, hata hadithi ulikuwa unataka mwisho kwanza.

Ulizaliwa kwenye nyumba hii, mvua inapiga bati mpaka mkunga hakusikia ukilia. Alikuona tu umefungua mdomo. Ndiyo sababu ukaitwa Kabula, mtoto wa mvua, na ndiyo sababu nilicheka uliporudi chuoni ukasema utawafundisha watoto kupima mvua. Nikakuuliza, mvua inapimwa kwani ni mchele?

Unakumbuka kile kiangazi ulichokuwa unajitolea shuleni hapa Ntalikwa? Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nakata viazi vya kukausha michembe, mikono imejaa utomvu. Ukaja na kishikwambi chako, ukachuchumaa.

"Bibi, naomba nikujaribie maswali kabla sijawapelekea watoto."

"Mimi ni mtoto wa darasa la nne?"

"Wewe uliishia la pili, Bibi. Hapo nimekupandisha."

Mdomo huo umeurithi kwa babu yako, si kwangu. Nikafuta kidole kwenye khanga, nikabonyeza. Uliuliza kipimamvua kinawekwa wapi. Kulikuwa na picha ya chini ya mti, picha ya katikati ya uwanja, na picha ya chini ya mchirizi wa bati. Nikabonyeza mchirizi bila kufikiri mara mbili. Kikanililia kama mbuzi aliyekanyagwa, kioo kikawa chekundu.

"Kimekosea hicho," nikasema.

"Bibi, maswali nimeyaandika mimi."

"Basi umekosea wewe."

Ukaniuliza na jogoo wa bati, yule anayezunguka juu ya mti wake, mdomo wake unaelekea upepo unakokwenda au unakotoka. Nikasema unakokwenda, maana kila mwenye akili huangalia anakokwenda. Kikalia tena. Nikakufukuza na kisu mkononi, ukakimbia unacheka, na viazi vyangu vikabaki vimetazamana nami.

Kesho yake ukasahau simu yangu ya tachi, ile uliyoniomba ili watoto wagawane, wengine kwenye simu, wengine kwenye kishikwambi. Nikaileta mwenyewe, goti na yote. Nilipofika dirishani nikakuta wanajibu swali lile lile, na wote wamechagua mchirizi. Wote! Nikapiga kigelegele pale pale. "Mmepata, wajukuu zangu! Kishikwambi ndicho hakijui!"

Watoto wakacheka, wewe hukucheka. Uliitazama ile mistari ya rangi inayohesabu majibu kwenye kioo, mmoja mrefu na mingine haipo kabisa. Niliona mabega yako yameshuka kidogo. Halafu ukaenda kuchuchumaa mbele ya Milembe, yule mwenye pengo la mbele, ukamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Milembe, kwa nini umechagua hapa?"

Naye akajibu kama mtu mzima, "Kwa sababu mvua ndiko inakoteremkia, mwalimu. Uwanjani inamwagika tu. Nani ataiokota?"

Nikasema moyoni, mtoto huyu ana akili kuliko mwalimu wake. Hapa kwetu nani asiyejua mahali pa kukingia mvua? Wingu likitanda, kila mwanamke anakokota ndoo na sufuria mpaka chini ya bati. Mtoto anayeweka ndoo katikati ya uwanja anapigwa kibao.

Jioni nikakuuliza, "Huoni haya, darasa zima kukosa?" Ulikuwa unasonga ugali, ukanijibu bila kugeuka, "Bibi, swali halimtafuti mjinga. Linanionesha watoto wamesimama wapi, niwafuate huko huko."

Nilikuambia ugali wako una madonge. Lakini maneno yale niliyashika.

Ukachukua makopo mawili ya mafuta ya kupikia, ya ukubwa mmoja, ukayafunua juu. Moja ukaliweka chini ya mchirizi wa darasa. La pili ukaliweka uwanjani, watoto wakalizungushia miiba mbuzi wasilinywee. Tukakaa. Mvua nayo ilikuwa na maringo mwaka ule, inatanda na kuondoka. Watu wakaanza kukutania njiani, "Mwalimu, umeifukuza kwa makopo yako." Mpaka siku iliyokuja, ikaja kwa hasira, na ilipokatika watoto wakatoka mbio kama kumbikumbi.

Kopo la mchirizini lilikuwa limefurika, majani na kinyesi cha njiwa vinaelea. La uwanjani lilikuwa na maji ya upana wa kidole. Nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kwa sababu zangu. Milembe akalitazama hili, akalitazama lile, akainua kichwa akalitazama bati lote kuanzia huku mpaka kule. Akasema, "Mwalimu, hili limekinga mvua ya bati zima. Lile limekinga ya kwake tu."

Uliwarudisha ndani ukawapa swali lile lile, na kioo kikawa kijani kwa wote, na kelele walizopiga nilizisikia mpaka kwenye meno. Nilipofika nyumbani nami nikalijibu kwenye simu yangu nilipokuwa peke yangu. Kijani. Uliporudi nikakutuma maji kisimani, usije ukaniona ninavyotabasamu.

Kulikuwa na kikao cha wazazi pia, usijifanye umesahau. Walikuja na midomo yao, kwamba mwalimu anawachezesha watoto simu badala ya kuwafundisha. Wewe ukasimama ukaanza kusema "kwa heshima na taadhima." Nikasimama mimi. Nikawauliza ni nani kati yao anayemwamsha mtoto kwenda shule siku hizi, maana wa jirani zangu wote wanaamka wenyewe. Nikamwambia yule mzee mwenye baiskeli nyekundu kwamba yeye akiwa shuleni mbuzi walihudhuria masomo kuliko yeye. Kikao kikaisha kwa kicheko, na hakuna aliyekusema tena.

Ndivyo ulivyokuwa hapa kabla ya kuajiriwa huko. Chakula napika mimi, simu natoa mimi, wazazi nawanyamazisha mimi.

Sasa tuje kwa hao wa huko. Watoto wa kijiji kile wamekiona kipimajoto wapi? Zahanati. Mvua zikianza, homa nazo zinaanza, mtoto anabebwa mgongoni mpaka kwa nesi, na kitu cha kwanza anachowekewa ni hicho, kwapani, mama yake amesimama pembeni anangoja kusikia. Wewe ile picha uliiweka kwa utani. Ulidhani watacheka. Mtoto aliyewahi kubebwa usiku kwa homa, mdogo wake naye kabebwa, hachekeshwi na kwapa. Walikujibu kweli tupu wanayoijua.

Uliwauliza kwa nini wamechagua hapo? Hukuwauliza. Ungewauliza ungeniambia. Darasa lilipokosa hapa ulimtazama Milembe. Lilipokosa huko ulimtazama mwalimu mkuu. Hapo ndipo ulipokosea, Kabula, na kosa hilo ni lako, si la kishikwambi wala la watoto.

Na wewe mwalimu mkuu, kama ndiwe unayesoma hapa, najua umeniamkia, marahaba. Kuwa na wasiwasi na simu si vibaya, hata mimi nilikuwa nao. Lakini mtoto anapokosa mbele ya wageni na mwenye nyumba akacheka, kesho atakunja mikono asijibu kitu, na hutajua tena anachojua na asichokijua. Siku moja keti kwenye dawati, ukibonyeze kwa kidole chako. Uanze na jogoo wa bati.

Kabula, babu wa babu yako alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya watu kutoka huku mpaka Pwani na kurudi, kichwani, kwa miguu hiyo hiyo uliyorithi yenye nyayo pana. Tulisimuliwa kwamba wakirudi, wakishaivuka ile nyika kavu isiyo na maji, Tura ndipo walipotua. Walikunywa, wakaoga, wakalala. Asubuhi kila mtu akajitwisha mzigo wake. Hakuna aliyesimuliwa kwamba aliuacha pale akaja nyumbani mikono mitupu kumwambia bibi yake amechoka.

Nisikuambie uongo, nyumba imekuwa kubwa. Nasonga ugali wa watu wawili, kuku ndio wanaonenepa. Jana nimekuita uniletee ungo, nimeita kabisa kwa sauti, mpaka jirani akaitika. Neno ulilonitaka niseme siku ile lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Ndiyo maana nilikata simu. Ningechelewa kidogo lingetoka, nawe ungekuwa njiani.

Jana hiyo hiyo imenyesha mvua ya kwanza. Imenyesha vizuri, imelowesha mpaka chini, na kumbikumbi wametoka. Lile kopo lako la uwanjani ninalo, uliniachia, na nimelizungushia miiba kama ulivyofanya. Mvua ilipokatika nikatoka. Pipa la mchirizini limejaa, linamwagika. Kopo lina maji ya kidole kimoja, safi, unaona mpaka chini.

Nikasimama pale katikati nakufikiria. Mwaka ule wote nilikuwa nakusifia kwa watu kwamba mjukuu wangu ni mwalimu hodari, amejaa. Lakini ulikuwa chini ya bati langu, na maji ya bati langu yalikuwa yanakumwagikia. Hata mimi sikujua yako ni kiasi gani. Sasa uko uwanjani. Mara ya kwanza imeonekana kidole kimoja, nawe ukakimbilia kusema kopo ni bovu. Kidole kimoja ni mvua, Kabula. Watu wanapandia.

Kwa hiyo sisemi njoo. Likizo utakuja, michembe nimeshaikausha na karanga nimekuwekea. Jumamosi hii usionekane kituoni. Jumatatu waulize watoto wako kwa nini kwapani, na uwasikilize mpaka wa mwisho. Halafu uwatafutie kisanduku, ukipake rangi nyeupe, mkisimamishe kivulini na mkae nacho, kama tulivyokaa na makopo.

Siku watakapokitoa kipimajoto kwapani wakakitia kwenye kisanduku, wenyewe, bila wewe kuwaonesha, nipigie. Mtandao hautakatika.

Ni mimi bibi yako, mke mwenzio mkubwa, mwenye goti,
Ntalikwa.